Ubingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu: usomee nyumbani, Afrika Kusini, India, Uingereza au Marekani?

Mwezi uliopita, kama saa moja asubuhi, binti mmoja, daktari mtarajali aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku, alinikuta wodini nikimpima mzee mmoja. Wanawe walikuwa wamemleta kwa sababu "mguu wa kulia umekataa". Nilikuwa na nyundo ndogo ya mpira mkononi. Nikagonga chini ya goti la kushoto, mguu ukaruka kidogo kama kawaida. Nikagonga la kulia, ukaruka kwa nguvu mpaka mzee mwenyewe akashtuka. Nikaukwaruza unyayo wa kulia kwa ncha ya ufunguo, dole gumba likapanda juu taratibu. Nikamwomba anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho. Baada ya muda mfupi mkono wa kulia ukaanza kushuka na kujigeuza bila yeye kujua.

Mguu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa juu, upande wa kushoto wa kichwa. Nikauliza kama aliwahi kuanguka. Mwanawe mkubwa akakumbuka: bodaboda, miezi miwili nyuma, hata hawakwenda hospitali. Picha ya CT ilionyesha damu iliyojikusanya kati ya fuvu na ubongo, na mzee yule akapelekwa kwa wapasuaji siku hiyohiyo.

Yule binti alikuwa bado amesimama pembeni, begi begani. Akaniuliza: "Dokta, mtu akitaka kusomea kazi hii anaanzia wapi? Na aende nchi gani?" Nilimjibu kwa haraka koridoni, na jibu lile halikuniridhisha. Hili ndilo nililopaswa kumpa, yeye na wengine wanaoniuliza swali hilohilo.

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2017: katika nchi za kipato cha chini, ukijumlisha madaktari wa neva wa watu wazima, wa watoto na wapasuaji wa ubongo, wanafika 0.1 kwa kila watu 100,000. Katika nchi tajiri ni 7.1. Huku kwetu kiharusi kinajaza wodi, na kifafa bado kinapelekwa kwa mganga kwanza. Kwa hiyo kijana anapochagua mahali pa kusomea, anachagua pia kama wagonjwa hawa watampata au watamkosa.

Kwanza hakikisha ni kazi hii unayoitaka

Wengi huchanganya fani tatu jirani. Bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, yaani daktari wa neurolojia, hapasui. Anatibu kiharusi, kifafa, kipandauso, ugonjwa wa Parkinson, ganzi na udhaifu wa misuli, homa ya uti wa mgongo, kusahau kwa wazee. Silaha zake ni maswali, macho, nyundo, sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo, kipimo cha umeme wa ubongo kiitwacho EEG, na dawa. Mpasuaji wa ubongo anapitia mlango wa upasuaji tangu mwanzo, na mafunzo yake ni mengine kabisa. Kama moyo wako unafurahia chumba cha upasuaji, usiisogelee neurolojia ukidhani ni hatua ya kuelekea huko. Daktari wa afya ya akili naye anasoma MMed yake (shahada ya uzamili ya ubingwa) ya miaka 3 moja kwa moja, na Tanzania inamfundisha nyumbani.

Na kama unapenda watoto, mlango wako ni magonjwa ya watoto kwanza, halafu neva za watoto. Nitarudi hapo kwa ufupi.

Shina ni moja, matawi ndiyo mengi

Huku mwanzoni hakuna cha kulinganisha sana. Tanzania ni kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, kisha MD, yaani shahada ya udaktari, ya miaka 5 na mwaka mmoja wa utarajali. Uganda nao ni 5 na 1. Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi, ni miaka 6 na mwaka wa mafunzo kazini. Afisa tabibu mwenye stashahada na ufaulu mzuri anaweza kuingia MD pia. Nimefanya kazi na madaktari wawili waliopita huko, na mkono wao kwa mgonjwa ulikuwa mwepesi kuliko wa wenzao darasani.

Wazazi wengine huniuliza kama wampeleke mtoto Marekani tangu mwanzo. Huwa nasema hapana. Kule shule ya udaktari ni miaka 4 baada ya kwanza kumaliza shahada nyingine ya miaka 4, ada yake ni nzito mno na vyuo vingi havimpokei mgeni kwa urahisi. Uingereza unaweza kuingia ukitoka sekondari, miaka 5 au 6, lakini ada ya mgeni nayo ni mzigo. Soma udaktari nyumbani. Fedha na nguvu zako zihifadhi kwa ajili ya ubingwa.

Miaka siyo inayotofautisha

Watu hulinganisha kwa kuuliza ni wapi kunachukua muda mfupi. Tumchukue yule binti, anayemaliza utarajali akiwa na miaka 26, tuhesabu mafunzo yenyewe tu:

| Njia | Mafunzo baada ya utarajali | Jumla | Anayekulipa |
|---|---|---|---|
| Nyumbani | MMed ya magonjwa ya ndani miaka 3, ubobezi kama 2 | 5 | Mwajiri wako au mfadhili |
| Afrika Kusini | Registra (daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa) wa neurolojia | 4 | Mfadhili wako kutoka nyumbani |
| India | MD (kule ni sawa na MMed) ya magonjwa ya ndani 3, DM (ubobezi) ya neurolojia 3 | 6 | Wewe au mfadhili, kwa kawaida |
| Uingereza | Magonjwa ya ndani 3, neurolojia kama 5 | 8 | Hospitali, ni ajira |
| Marekani | Mwaka 1 wa magonjwa ya ndani, 3 wa neurolojia | 4 | Hospitali, ni ajira |

Sasa ongeza yale ambayo jedwali haliyaonyeshi. Nyumbani utafanya kazi kwanza miaka kama 2 upate kuthibitishwa kazini na ruhusa ya masomo. Marekani utatumia miaka 2 hivi kwa mitihani na maombi. Afrika Kusini utasubiri ufadhili na nafasi. Ukijumlisha, njia karibu zote zinamfikisha binti huyu kwenye ubingwa akiwa na miaka 32 hadi 34. Uingereza peke yake, ukiongeza miaka ya mitihani na ya kushindania nafasi, ndiyo inayovuta mpaka 37 au 38. Miaka miwili huku au kule katika kazi utakayoifanya kwa miaka 30 isikuamulie.

Mimi napima kwa kitu kingine. Utamgusa mgonjwa mara ngapi huku mwalimu wa neurolojia akiwa amesimama kando yako? Fani hii haifundishwi na vitabu vikatosha. Niliuona unyayo ule ukipandisha dole gumba mara nyingi katika picha, lakini nilijifunza kuukwaruza siku mwalimu wangu aliponishika kifundo cha mkono akasema: "Taratibu, anzia kisigino, pita pembeni, usimtekenye mzee wa watu." Chuo chenye jina kubwa ambako unasimama nyuma ya kundi la watu 12 kitakupa kidogo kuliko wodi ya kawaida yenye mwalimu mmoja anayekujua kwa jina.

Njia ya nyumbani

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina MMed ya magonjwa ya ndani ya miaka 3. KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza ni nyumba nyingine za mafunzo haya, na Makerere wanayo yao, nayo ni miaka 3. Kuna pia Chuo cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ECSACOP, ambacho mafunzo yake ya miaka 4 unayafanya ukiwa hospitalini kazini badala ya kuhamia chuoni. Kwa daktari wa Kenya, Uganda au Zambia mwenye familia, hilo si jambo dogo.

Hasara yake nitaisema wazi. Katika MMed ya magonjwa ya ndani, neurolojia ni zamu mojawapo tu. Utajua sana kisukari, figo, moyo na virusi vya UKIMWI. Kiharusi utakiona kila siku. Lakini kusoma EEG, kupima neva kwa umeme au kutofautisha aina za kutetemeka utavipata kwa bahati, ikitegemea ni nani yupo idarani mwaka ule. Ndiyo maana ngazi ya pili, inayoitwa ubingwa bobezi, ndiyo inayokufanya kuwa daktari wa neurolojia, na mara nyingi sehemu yake utaifanyia nje.

Faida yake watu huidharau, nami naiona kubwa kuliko zote: utajifunza neurolojia kwa Kiswahili. Historia ya mgonjwa ndiyo nusu ya utambuzi katika fani hii. Mgonjwa akisema "kizunguzungu", anaweza kumaanisha dunia inazunguka, au macho yanaingia giza anaposimama, au anapepesuka akitembea. Hizo ni shida tatu, na zinatoka sehemu tatu tofauti za mwili. Akisema "ganzi", huenda hahisi, huenda anahisi kama sindano zinamchoma, huenda hana nguvu kabisa lakini neno lililomjia ni ganzi. Mama akisema mtoto "ameshtuka", lazima ujue kumuuliza aonyeshe kwa mikono yake alivyoshtuka. Aliyefundishwa miaka 8 kwa Kiingereza akirudi anajifunza upya kuuliza.

Hata vipimo vya kumbukumbu ni hivyo. Vile vya Ulaya humtaka mzee aandike sentensi na kunakili maumbo kwa kalamu, na bibi asiye na shule anaonekana mgonjwa wakati ni mzima. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kinachoitwa IDEA kwa ajili ya wazee wasiosoma. Badala ya kalamu, mzee anapewa njiti za kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Nimekitumia. Bibi anacheka, anapanga njiti zake, na unapata jibu la kweli. Hicho ni kitu cha kujifunzia hapahapa.

Na magonjwa yenyewe yako kwetu. Mahenge, wilayani Ulanga, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianza kutibu watu wenye kifafa karibu na mwaka 1960, na akaandika juu ya watoto ambao vichwa vyao huinama mara kwa mara kama wanaosinzia, miaka mingi kabla dunia haijaanza kuuzungumzia ugonjwa huo kwa upana. Leo eneo hilohilo ni shule ya uhusiano kati ya kifafa na usubi. Haydom, mkoani Manyara, wamechunguza minyoo ya tegu ya nguruwe inayojenga vifuko ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Kilifi, pwani ya Kenya, kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi kubwa juu ya malaria ya ubongo na kifafa. Ukiwa na ndoto ya utafiti, huna haja ya kuvuka bahari ili kupata swali zuri.

Ndani ya Afrika: Addis Ababa, Lusaka, Cape Town

Njia hii wenzetu wengi hawaifahamu, nami ningependa iangaliwe kabla ya kufikiria ndege ya mbali.

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Addis Ababa kilianzisha mafunzo ya ubingwa wa neurolojia katika Hospitali ya Tikur Anbessa, jina lenye maana ya Simba Mweusi. Walianza na walimu wenyeji wachache, wakisaidiwa na wageni waliokuja kwa zamu, na waliohitimu pale ndio wanaofundisha sasa. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Zambia nacho kilianza cha kwake katika Hospitali ya Chuo Kikuu, Lusaka. Wodi hizo zinafanana na zetu: vitanda vimejaa, kipimo cha picha cha MRI hakipatikani kwa kila mtu, virusi vya UKIMWI na kifua kikuu cha ubongo ni mambo ya kila siku. Utakachojifunza pale Jumatatu utakitumia Songea au Kitale Jumanne.

Afrika Kusini ni ngazi nyingine ya vifaa. Miaka 4 ukiwa registra wa neurolojia, mtihani wa Chuo cha Wananeurolojia wenye sehemu mbili, pamoja na tasnifu ya MMed. Cape Town wana Groote Schuur, Stellenbosch wana Tygerberg, na Shirikisho la Neurolojia Duniani limeifanya Cape Town kuwa mojawapo ya vituo vyake vya kufundishia Waafrika. Uzuri wake ni kwamba unaingia neurolojia moja kwa moja na kukaa humo miaka yote minne, tofauti na njia ya nyumbani. Shida ni fedha. Mgeni kwa kawaida hupokelewa kama registra wa ziada, asiye kwenye orodha ya mishahara yao. Mshahara na ada vitoke kwenu, na barua ya wizara ya afya yako iwe mkononi, ikionyesha kwamba utarudi. Ukienda bila ufadhili uliosainiwa utateseka. Nimeona daktari mzuri akirudi mwaka wa pili kwa sababu mfadhili wake, ambaye sitamtaja, aliacha kutuma fedha. Hakufeli hata mtihani mmoja.

Kwa anayetaka watoto, hapo Cape Town, Hospitali ya Watoto ya Red Cross, kuna mpango unaochukua madaktari wa watoto kutoka nchi nyingi za Afrika, unawapa ubobezi na kuwarudisha makwao. Kwa neva za watoto siifahamu njia nzuri kuliko hiyo kwa mtu wa kwetu.

Na ndugu zetu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa wasihangaike na mitihani ya Kiingereza. Dakar, katika Hospitali ya Fann, na Rabat kule Morocco ni vituo vingine vya Shirikisho hilohilo, na mafunzo yake ni kwa Kifaransa.

India, kwa ufupi

Muundo wa India ni mzuri kwa karatasi: MD miaka 3 kisha DM miaka 3, na wagonjwa ni wengi mno. Taasisi ya NIMHANS ya Bengaluru inaheshimika kila mahali. Ugumu ni kwamba nafasi za DM ni za ushindani mkali hata kwa Wahindi wenyewe, na MD yako ya nje inaweza isikubaliwe kama tiketi. Wengi wetu huishia kwenda kwa mafunzo ya miezi kadhaa ya EEG au kiharusi baada ya MMed. Kwa lengo hilo nenda, utafaidika. Kwa ubingwa kamili kuna milango iliyo wazi zaidi.

Uingereza na Marekani, ana kwa ana

Hapa ndipo macho ya vijana yalipo, kwa hiyo nikae kidogo.

Kuingia Uingereza unahitaji kwanza kusajiliwa na Baraza la Madaktari la huko, GMC. Wengi hupitia PLAB, mitihani ya madaktari waliosoma nje: sehemu ya kwanza ni ya maswali, ya pili ni ya vitendo, na hiyo hufanyiwa Manchester. Unahitaji pia mtihani wa lugha, IELTS au OET. Kisha miaka 3 ya magonjwa ya ndani, ambamo unamaliza mitihani mitatu ya MRCP, cheti cha Uingereza cha magonjwa ya ndani, halafu unashindania nafasi ya neurolojia. Tangu mwaka 2022 mtaala wa neurolojia unaunganishwa na magonjwa ya ndani ya jumla, na kiharusi kimo humo, ndiyo maana safari ni ndefu. Ukitoka ni daktari mpana kweli, unayeweza kupokea mgonjwa yeyote wa dharura na bado ukasoma EEG. Kwa hospitali ya mkoa wa kwetu, mtu wa namna hiyo ni hazina.

Lakini mlango unabana. Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza, katika mpango wake wa afya wa miaka 10, kwamba wahitimu wa vyuo vya huko watapewa kipaumbele katika nafasi za mafunzo. Madaktari wageni wengi wamefaulu PLAB, wakafika, wakakaa bila kazi. Usiuze kiwanja cha baba kwa ajili ya PLAB kabla hujaongea na watu watatu walioko kule mwaka huu.

Kuna dirisha la pembeni ninalolipendekeza zaidi, linaitwa MTI. Ni la madaktari kutoka nchi zetu ambao tayari wana mafunzo ya ngazi ya juu: unapata usajili kwa udhamini, huna haja ya PLAB, unafanya kazi ya kulipwa hospitalini hadi miezi 24, kisha unarudi nyumbani. Mtu mwenye MMed akipata miezi hiyo 24 katika kitengo cha neurolojia, anakuwa amepata sehemu kubwa ya kile alichokikosa.

Marekani ni kinyume chake kwa namna nyingi. Mafunzo ni mafupi na makali. Mwaka wa kwanza ni magonjwa ya ndani, mitatu inayofuata ni neurolojia, na ndani yake kuna miezi 3 ya lazima ya neva za watoto. Kabla ya kukuruhusu kufanya mtihani wa bodi, ABPN, bodi ya Marekani ya mabingwa wa akili na neva, inataka utazamwe ukimpima mgonjwa halisi mara 5, wa aina tofauti: aliye mahututi, wa kliniki, mwenye shida ya misuli na neva, mwenye ugonjwa wa kudhoofika kwa ubongo, na mtoto. Kipengele hicho nakipenda sana, kwa sababu kinalazimisha mwalimu asimame kando ya kitanda.

Kuingia ni kwa USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani. Sehemu ya kwanza tangu Januari 2022 haitoi alama, ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo uzito wote umehamia sehemu ya pili, Step 2 CK, barua za walimu na uzoefu wako. Utahitaji cheti cha ECFMG, chombo kinachothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, na mtihani wa OET. Maombi hutumwa Septemba, usaili unafuata hadi majira ya baridi, majibu ni katikati ya Machi, kazi inaanza Julai. Kuna mtego mmoja unaowapoteza wageni: baadhi ya nafasi za neurolojia ni za miaka 4 kamili, nyingine ni za miaka 3 tu, na mwaka wa kwanza wa magonjwa ya ndani unautafuta mwenyewe kwa maombi tofauti. Asiyelijua hili anapata neurolojia, halafu anakosa mwaka wa kuanzia.

Viza ya J-1, wanayopewa rezidenti (madaktari walio mafunzoni) wengi wa kigeni, inataka barua kutoka wizara ya afya ya nchi yako ikithibitisha kwamba taifa linahitaji fani hiyo. Ukimaliza unatakiwa ukae kwenu miaka 2, isipokuwa upate msamaha, ambao kwa kawaida unakufunga miaka 3 katika eneo la Marekani lenye uhaba wa madaktari. Wengi hulichukulia sharti hili kama adhabu. Mimi naliona ni haki: wizara yako imesaini kwamba wagonjwa wako wanakusubiri.

Jambo la mwisho la kulinganisha hapa ni wagonjwa. Marekani utakuwa hodari wa kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze, na utaona wagonjwa wengi wa maradhi ambayo kwetu ni nadra. Pepopunda, malaria ya ubongo na kichaa cha mbwa huenda usivione hata mara moja. Ukirudi, mwaka wa kwanza wote utakuwa mwanafunzi tena, na MRI uliyoizoea kuagiza kwa simu haitakuwepo. Nyundo itakuwepo. Walioifanyia mazoezi kule hawapati shida sana. Waliotegemea picha wanapata.

Cheti kisichokufanya bingwa

Hapa natoa onyo kwa uchungu. Vyuo vingi, vikubwa na vya heshima, vina shahada ya uzamili ya sayansi ya neurolojia ya mwaka mmoja, nyingine kwa njia ya intaneti. Queen Square ya London, hospitali ambayo historia yake inaanzia 1859, ina ya namna hiyo kupitia UCL, na ni masomo mazuri kweli. Lakini ni masomo, siyo mafunzo ya kazi. Hayakusajili kuwa bingwa. Mwenzangu mmoja alitumia akiba yake yote kwa shahada ya aina hiyo katika chuo kingine, akarudi akidhani atabadilishiwa usajili, akaambiwa abaki alipokuwa. Kabla hujalipa senti, lipelekee baraza lenu la madaktari mtaala wote na uulize kwa maandishi: nikimaliza hii, mtanisajili kama nani? Subiri jibu lililosainiwa.

Swali hilohilo liulize kwa shahada za uzamili za China na kwingineko zinazokuja na ufadhili mnono. Ongeza na la pili: nitamgusa mgonjwa mwenyewe, na kwa lugha gani?

Kama ningekuwa wewe

Kama umeajiriwa serikalini na una watoto wadogo, chukua MMed ya nyumbani bila kujiuliza mara mbili, ila chagua tasnifu yako iwe ya kifafa au kiharusi tangu mwaka wa kwanza, halafu lenga MTI au Cape Town kwa ubobezi. Kama uko huru, una miaka 26 au 27, alama zako ni nzuri na huogopi mitihani, Marekani ndiyo inayokupa neurolojia nyingi zaidi kwa miaka michache zaidi huku ukilipwa. Kama una mfadhili aliyekwisha kusaini, Afrika Kusini inaizidi hata Marekani kwa mtu anayejua kwamba atafanya kazi huku. Kama unataka kufundisha na kuanzisha idara pasipokuwa nayo, nenda Addis ukaone ilivyofanyika. Uingereza ningeiweka mwisho kwa sasa, kwa sababu ya msongamano, ingawa mafunzo yake nayaheshimu mno.

Yule binti alirudi juma lililopita. Ameamua kuomba MMed hapa nchini, na wakati huohuo anajiandaa kwa sehemu ya kwanza ya MRCP, ambayo inaruhusiwa miezi 12 baada ya kuhitimu udaktari, ili dirisha la MTI lisije likamkuta hana kitu mkononi. Nilimpa nyundo yangu ya zamani, ile yenye mpira uliopasuka pembeni. Akaenda nayo moja kwa moja kitanda namba 4, akavuta kiti, akamwambia mama aliyelala pale: "Shikamoo mama. Hebu niambie tangu mwanzo, ganzi hii ilianza vipi?"